Pilipili mbuzi, kichaa na mwendokasi: nianzie wapi kupata mbegu yangu mwenyewe?

MamaKahe

Habari za jioni wadau. Nalima Kahe, huku tambarare chini ya Moshi, kwa maji ya mfereji. Mahindi tuliachana nayo, sasa ni nyanya kidogo na pilipili kali kwa sehemu kubwa. Nitaandika kirefu, mnivumilie, nikiuliza nusu nitajibiwa nusu.

Mwendokasi nanunua dukani, ile chotara. Inazaa, ni ndefu, wavunaji wanaipenda kwa kuwa ndoo inajaa upesi. Lakini kila msimu lazima nirudi dukani, kapakiti kenyewe mnakajua, na msimu huu batobato imenikalia vibaya. Majani yamejikunja, matunda yametoka na makunyanzi, mnunuzi anayatupa pembeni.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kukusanya mbegu. Nikipita Mbuyuni au Kiboriloni nikaona pilipili ya sura ngeni nanunua fungu, nusu inakwenda jikoni, nusu naanika mbegu. Ninazo mbuzi nyekundu, mbuzi ya njano ambayo jirani aliitoa kwao Old Moshi, ndefu nyembamba ya soko la Ngaramtoni ambayo hata muuzaji hakuwa na jina lake, vipilipili vya rangi ya chungwa vya Kiboriloni, na kichaa ya kihambani kwa mama mkwe, Marangu. Hiyo kichaa hakuna aliyeipanda. Inaota chini ya migomba, ndege wanaileta. Kuna mti mmoja mama mkwe anasema ulikuwepo kabla mjukuu wake hajazaliwa, na mjukuu sasa yuko darasa la pili, mti bado unazaa.

Mnunuzi wa kukausha ananidai kichaa. Bei yake nzuri, ila wavunaji wananikimbia: mtu anainama tangu asubuhi, jua linazama sado haijajaa. Dada mmoja wa Arusha anayetengeneza achari yeye anataka mbuzi.

Ninachowaza ni hiki. Naweza kuufungisha ndoa ukali wa kichaa na umbo la mwendokasi, nikapata kitu changu ambacho mbegu naitoa mwenyewe? Ile kichaa ya Marangu haina batobato hata jani moja: ni mbegu yake au ni baridi ya kule? Na katika hizi zangu zote nitajuaje ipi ina kitu ndani na ipi ni sura tu? Kijana wa duka la pembejeo kaniambia "mama, zote pilipili, zinapandana tu." Sikuridhika.

DogoWaUru

Mama usijichoshe. Panda zote bustani moja, nyuki wa huku hawana likizo, watakufanyia kazi bure. Angalizo moja: usiweke hoho karibu. Bibi yangu alipanda hoho pembeni ya kichaa, msimu uleule hoho zikawa kali, watoto wakagoma kula.

MzeeWaKitalu

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Nimefanya kazi kwenye vitalu vya utafiti wa mboga upande wa Tengeru mpaka nikastaafu. Sasa nina bustani Usa River na muda mwingi wa kubishana.

Dogo, tuanze na hoho za bibi. Ukali wa pilipili ni kapsaisini, na inatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Watu wanasema mbegu ndiyo kali, hapana, mbegu inapakwa tu kwa kugusana na utando. Na utando ule ni mwili wa mama. Chavua ya kichaa ikiingia kwenye ua la hoho inabadilisha mtoto aliye ndani ya mbegu, tunda lenyewe linabaki hoho. Ukija kuzipanda mbegu zile ndipo utalia, maana jeni ya kuwa na ukali, wataalamu wanaiita Pun1, ni tawala: nakala moja kutoka kwa baba inatosha. Hoho za bibi kama zilikuwa kali, mbegu yake ilikwisha kuchanganyika msimu wa nyuma yake. Kichaa iliyokuwa pembeni mwaka ule imesingiziwa.

Na nyuki nao. Pilipili kwa kawaida inajichavusha yenyewe, lakini nyuki wanaingilia, pengine kidogo sana, pengine zaidi ya nusu ya mbegu, inategemea mahali na msimu. Ukiwaachia nyuki utapata watoto ambao mama yao unamjua na baba yao humjui. Hutajua kilichofanya kazi, wala hutaweza kukirudia.

MamaKahe, kijana wa duka kakuambia nusu ya kweli. Pilipili zinazolimwa duniani ni spishi tano: Capsicum annuum, chinense, frutescens, baccatum na pubescens. Zote zina kromosomu 24, zote zimetoka Amerika, huku kwetu zimekuja na Wareno kuanzia karne ya 16. Mwendokasi na hoho ni annuum zote mbili, pamoja na tofauti yote hiyo ya umbo. Mbuzi ni chinense. Kichaa ni frutescens. Usiniamini mimi wala usiamini tunda, tunda linadanganya sana. Nenda kwenye ua asubuhi.

Annuum ua lake ni jeupe safi, na mara nyingi liko moja tu kwenye kila kifundo. Chinense inatoa mawili, matatu au zaidi kwenye kifundo kimoja, na tunda lake ukiliangalia pale kikonyo kinapokutana na kofia utaona mkato unaozunguka. Frutescens ua lina ukijanikijani, kikonyo kimesimama wima, na tunda likiiva unalivuta linachomoka lenyewe, kofia inabaki mtini. Hiyo ni tabia ya mwituni. Ndege hawausikii ule ukali kabisa, wanachomoa tunda, wanameza, wanakwenda kukupandia Marangu. Baccatum ina madoa ya njano au kijani kwenye petali. Pubescens ina ua la zambarau na mbegu nyeusi. Hizo mbili sitegemei uzikute Kiboriloni.

Kwa nini nakusumbua na maua? Kwa sababu ndani ya spishi moja unachanganya bila shida, ukivuka spishi mambo yanabadilika. Chinense na frutescens zinapatana vizuri. Annuum na chinense zinakubali kwa kusuasua: mbegu chache, na watoto wengi wanatoa maua yanayopukutika bila kushika tunda. Annuum na frutescens, hiyo ndoa yako ya mwendokasi na kichaa, ndiyo ngumu zaidi hapo kwako. Utapata mbegu nyingi zilizosinyaa. Baccatum na annuum hata watafiti wanalazimika kuokoa kiinitete, yule mtoto wa ndani ya mbegu, maabara, na wanajisumbua hivyo kwa kuwa baadhi ya baccatum zinahimili chule, ugonjwa unaoozesha matunda, vizuri kuliko annuum yoyote waliyokuwa nayo.

Sasa nikuzuie kidogo, maana naona unakimbilia kuchanganya. Wewe hujui bado ulichonacho. Kichaa umeiona Marangu kwenye kivuli cha migomba na baridi. Mbuzi umeziona sokoni. Mwendokasi umeiona Kahe kwenye jua, na mbolea juu. Ulicholinganisha mpaka sasa ni Marangu na Kahe. Mbegu bado hujazilinganisha.

Sia zote siku moja, kitalu kimoja, udongo mmoja. Ukihamishia shambani gawa eneo mapande matatu, na katika kila pande panda mimea kumi ya kila aina, mpangilio ubadilishe kila pande kwa kupiga kura. Usipange zote kwa mstari mmoja kutoka mfereji unapoingia mpaka unapoishia, kwa sababu wa mwanzo wanakunywa na wa mwisho wanasikia habari. Weka na mwendokasi ya dukani humohumo, ndiyo kipimo chako. Halafu daftari: lini ua la kwanza, matunda mangapi yaliyoiva kwa mmea, matunda ishirini yana uzito gani, yanachomoka kirahisi au kwa kung'ang'ana, ugonjwa umefika wapi.

Mwisho wa msimu soma daftari hivi. Kama aina fulani iko mbele katika mapande yote matatu, ubora huo uko kwenye mbegu. Kama pande hili inaongoza na lile inaburuta mkia, huo ni udongo na maji, usiuchague maana hautakwenda kwa watoto. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita urithikaji, na kwenye pilipili haulingani kwa kila sifa. Urefu wa tunda, uzito wa tunda moja na rangi vinarithiwa kwa nguvu, ukichagua leo unaviona kwa watoto. Jumla ya kilo kwa mmea inayumba sana na hali ya shamba. Kwa hiyo usichague mmea kwa sababu umekujazia ndoo, chagua kwa idadi ya matunda na uzito wa tunda moja, ndoo itafuata.

Ukali nao una vituko. Kuwepo au kutokuwepo kwake ni jeni moja, lakini kiasi chake kinabebwa na jeni nyingi na kinachezewa na hali ya hewa. Mmea uliokoseshwa maji mara nyingi unakuwa mkali zaidi. Kwa hiyo tunda la Marangu na tunda la Kahe usiyaonje pamoja ukatoa hukumu.

Batobato nitakujibu kesho, macho yamechoka.

AchariNjiro

Dada MamaKahe, natengeneza achari na pilipili ya chupa hapa Arusha, si yule wako lakini shida zetu ni moja. Niseme upande wa mnunuzi kabla mzee hajakupeleka maabara.

Watu wengi wanadhani sisi tunatafuta kali kupita zote. Fikiria kidogo: ikiwa kali mara mbili, mimi natia nusu. Nusu niliyoiacha siinunui kwako. Ninachonunua kwa kilo ni nyama ya tunda, rangi na harufu. Mbuzi ya njano ina harufu ambayo mwendokasi haina hata uiombe, mteja akifungua chupa inamfikia kabla hajaonja. Nyekundu nataka ibaki nyekundu baada ya kuchemka, nyingine zinageuka kahawia ndani ya wiki chache, chupa inaonekana ya zamani na ni ya juzi. Ganda nene lakini lisilo gumu, maana gumu linabaki vipande kwenye kichujio. Na ukali uwe ule ule. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, sado moja ya mbuzi kutoka sokoni ina matunda yanayotofautiana, chupa ya Jumatatu inamliza mtu na ya Jumatano inamchekesha.

Ukipata mbuzi ambayo kila tunda ni sawa na mwenzake nitakuagiza wewe, na mwendokasi na kichaa ziache waoane wanaotaka.

MamaKahe

Mzee shikamoo, na dada asante, hilo la kununua nusu sikuwahi kulifikiria.

Asubuhi nimezunguka na simu napiga picha maua, mume wangu ananiangalia tu. Mbuzi nyekundu na ya njano ni kama ulivyosema, maua mawili matatu kwenye kifundo, mkato chini ya kofia upo. Ndefu ya Ngaramtoni ua jeupe, moja moja. Kichaa nimempigia mama mkwe, kaangalia, kasema ua "limepauka kijani" na kikonyo kimesimama.

Sasa vile vya rangi ya chungwa vya Kiboriloni vimenichanganya. Nilivinunua fungu moja kwa mama mmoja, nikapanda mstari mmoja pembeni ya banda. Matunda madogo kama ya kichaa lakini yamenenepa, na ukilikata moja linanukia mbuzi kabisa. Maua ni mawili kwenye kifundo, yana ukijani. Mimea yenyewe haifanani! Mmoja matunda yamesimama wima, wa pili yananing'inia. Mmoja tunda linachomoka kwa kidole kimoja, mwingine lazima uvute na kofia. Hata rangi, wawili wamegeuka nyekundu. Hivyo ni vitu gani?

DogoWaUru

Si nilisema nyuki.

MzeeWaKitalu

Dogo leo kakaa kimya sentensi nne nzima, nampongeza.

Mama, hiyo ya Kiboriloni ndiyo habari ya siku. Kwa maelezo hayo, mahali fulani mbuzi na kichaa vimekutana kwenye shamba la mtu, na ulichonunua ni wajukuu wao. Wakifungishwa ndoa wazazi wawili waliotulia, watoto wa kwanza wote wanafanana, hakuna cha kuchagua. Ni kizazi cha pili ndicho kinachotawanyika: huyu kachukua kikonyo cha babu, yule harufu ya bibi. Mstari wako wa pembeni ya banda unatawanyika, kwa hiyo tayari uko kwenye kizazi cha kuchagulia. Kazi ya kibano na chavua imekwisha kufanywa.

Na usidhani ni ajabu isiyo na mfano. Ile bhut jolokia ya kaskazini mashariki mwa India, iliyoingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2007 kwa kuwa ya kwanza kupita milioni moja kwenye kipimo cha ukali cha Scoville, ilipopimwa jeni ilikutwa ni chinense yenye damu ya frutescens ndani yake. Wakulima wa kule waliipata mashambani kwao na kuichagua wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kabla maabara haijajua ipo.

Kwa hiyo ushauri wangu nauelekeza upya. Ndefu ya Ngaramtoni iweke akiba: ikishinda kwenye majaribio ya mapande matatu, ndiyo ya kuchanganya na mwendokasi, spishi moja, mbegu nyingi, hakuna kusuasua. Nguvu zako za kwanza peleka kwenye hivyo vya chungwa. Humo kuna unachokihitaji kwa wavunaji: tunda nene kuliko kichaa, linalochomoka bila kofia. Mvunaji hapotezi muda kwenye kikonyo, na mnunuzi wa kukausha hataki vikonyo hata hivyo. Humo pia kuna harufu anayoitaka dada wa Njiro.

Batobato sasa. Ugonjwa huo unaletwa na virusi, na kwenye pilipili vingi vinasambazwa na vidukari, wale mnaowaita wadudu mafuta. Kidukari anaonja mmea mgonjwa, anahamia mzima, ndani ya dakika ameshaacha virusi, dawa ya kuua wadudu inamkuta kazi imeisha. Kichaa ya Marangu kukaa safi kuna maelezo mawili. Ama ina kinga, ama vidukari wenye virusi hawajaifikia, maana kihambani chini ya migomba hakuna shamba la pilipili wala nyanya jirani la kuwaleta. Hutatofautisha hayo kwa kuiangalia hukohuko. Chukua miche yake uipande Kahe katikati ya mwendokasi yenye ugonjwa, mche mmoja kila hatua chache, usipige dawa hapo. Majirani wakiugua na yenyewe ikabaki safi mpaka mwisho wa mavuno, hapo niite.

Na ikitokea ina kinga, kuna mtego ambao wengi wanaanguka. Kinga nyingi za pilipili dhidi ya kundi la virusi vya namna hiyo zinatokana na jeni fifi. Virusi vinahitaji kuazima protini moja ya mmea ili vizaliane, mmea wenye kinga una protini iliyobadilika umbo, virusi vinakosa pa kushika. Lakini mmea ukiwa na nakala moja ya kawaida na moja iliyobadilika, virusi vinatumia ile ya kawaida. Maana yake ukichanganya, kizazi cha kwanza chote kinaugua, na mtu anang'oa anatupa, anasema mbegu haina kitu. Kinga inarudi kizazi cha pili, kwa mmea mmoja kati ya minne. Kwa kirusi kimoja kinachosumbua Afrika, PVMV, zimeonekana jeni fifi mbili, pvr2 na pvr6, zinazotakiwa zote kwa pamoja, na hapo unatafuta mmoja kati ya kumi na sita. Ukipanda mimea kumi unaweza usiuone. Panda mia.

BwanaShambaHai

Wakuu, niongeze upande wa sheria kabla hatujampeleka mama wa watu pabaya. Kuchagua na kupanda shambani kwako hakuna atakayekuuliza. Kuuza kama mbegu ndiyo habari nyingine. Kwa Sheria ya Mbegu ya 2003 msimamizi ni TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, makao makuu Morogoro. Aina mpya inapimwa kama inatofautiana na zilizopo, kama mimea yake inafanana yenyewe kwa yenyewe, na kama haibadiliki kizazi kwa kizazi, ndipo inasajiliwa. Hivyo vya chungwa leo vingeanguka kwenye mtihani wa kufanana asubuhi na mapema. Kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora ambalo wakulima wadogo wanaruhusiwa kuzalisha na kuuza karibu na kwao wakikaguliwa, lakini ni kwa aina zilizokwisha kusajiliwa.

Jambo la pili, Arusha tuna bahati ambayo hatuitumii. Benki ya taifa ya nasaba za mimea iko hapahapa, kwenye mamlaka ya afya ya mimea, ile iliyokuwa TPRI. Na Kituo cha Mboga cha Dunia chenye makao Taiwan kina tawi lake upande wa Tengeru tangu miaka ya tisini. Kituo hicho kimehifadhi sampuli zaidi ya 8,000 za pilipili. Mbegu ya mama mkwe kabla haijafa na mgomba uliokatwa, wapelekee. Ukipoteza yako utajua pa kuanzia.

MamaKahe

Asanteni sana. Kuuza mbegu sina haraka, nataka kwanza nisirudi dukani mimi mwenyewe.

Mzee, kwenye hivyo vya chungwa nimeshajua mimea miwili ninayoitaka, yote tunda linachomoka na linanukia. Wavunaji nao nimewaita waguse, wakachagua ileile miwili bila kuambiwa. Nifanyeje sasa? Nichanganye mbegu zao au kila mmoja peke yake? Na nyuki nitawazuiaje bila kuzuia tunda?

MzeeWaKitalu

Kila mmoja peke yake, kabisa. Ukichanganya mbegu umerudi Kiboriloni.

Nyuki ni chandarua. Kile kizee cha nyumbani kilichotoboka, kishone matundu, simamisha miti minne, funika mmea wote na pindo la chini lifukie. Kabla ya kufunika toa matunda yote na maua yaliyofunguka, maana hayo hujui yameingiliwa na nani. Pilipili itajichavusha ndani bila msaada. Asubuhi ukipita tikisa matawi kidogo, inatosha. Huna chandarua cha pili? Chagua tawi moja, livalishe kimfuko cha kitambaa cha neti kabla maua hayajafunguka, matunda yakishika toa mfuko na ufunge uzi wa rangi kwenye vikonyo. Mbegu utatoa kwenye matunda yenye uzi pekee.

Acha matunda yaivie mtini mpaka yaanze kulegea. Toa mbegu, anika kivulini kwenye karatasi, siyo kwenye bati juani, bati la Kahe saa nane linaua mbegu. Kila mmea bahasha yake: namba ya mmea, msimu, nani mama yake. Msimu unaofuata kila bahasha ni mstari wake, mimea thelathini hivi ukiweza. Mstari ambao mimea yake inatofautiana mno usiukasirikie, chagua humo miwili mitatu bora uendelee. Mstari uliotulia na mbaya, ng'oa wote.

Kila mmea ukijichavusha hivyo, nusu ya mchanganyiko uliobaki inakwisha. Kizazi cha pili nusu ya jeni ambazo wazazi walitofautiana bado zina nakala mbili tofauti, cha tatu robo, cha nne moja ya nane, ukifika cha sita zimebaki kama tatu kwa mia. Hapo shamba linaanza kuonekana kama la dukani. Kwa maji ya mfereji unapata vizazi viwili kwa mwaka ukijipanga, kimoja ukisie mapema masika hayajapamba moto.

Ile kichaa ya Marangu, mbegu ya jaribio la batobato usichukue kwenye mti mmoja. Waombe wakuokotee kwenye miti tofauti kihambani na kwa majirani. Kama kinga ipo huenda iko kwenye mmoja na mwenzake hana.

AchariNjiro

Na mimi nahitaji zile mbili, hata kabla hazijawa aina. Usinitumie nyingi, robo sado ya kila mmea, mifuko mbalimbali na namba juu. Ukali nitakupimia kwa njia ya zamani, ile aliyoianzisha mfamasia Wilbur Scoville Marekani mwaka 1912: pilipili iliyokauka unailoweka kwenye kilevi, unazimua kwa maji ya sukari kidogo kidogo mpaka waonjaji hawasikii kitu. Yeye alitumia waonjaji watano. Hapa kiwandani tupo wanne, nitamwomba bodaboda.

MamaKahe

Dada, kutakuwa na mifuko mitatu. Mbili nilizochagua na ule mmea wenye matunda mekundu yaliyosimama wima. Huo tunda halichomoki kirahisi, wavunaji wameukataa, lakini rangi yake nataka uichemshe uone kama inageuka kahawia. Mzigo nitampa kondakta wa Coaster ya asubuhi kutoka Moshi.

AchariNjiro

Sawa. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, mifuko ikifika na jasho la pilipili ile ya kawaida inayeyuka. Na usiweke majani ndani, yanaozesha.